Mgeni wa Jackson Highway

Fundi alikuwa anajaribu spika, basi.

Nilimpelekea kaspika kangu kadogo kalikokuwa kanakoroma kila nikipandisha sauti. Akakafungua, akachomea waya uliokuwa umechomoka, akakaunganisha na simu yake na kuiacha YouTube ijichagulie. Banda lake liko pembeni mwa Msimbazi, na Kariakoo ya saa kumi jioni unaijua: honi, wasukuma mikokoteni wanaotaka wapishwe, kipaza sauti cha muuza sumu ya panya na kunguni. Katikati ya yote hayo ikaingia besi. Nzito, haina papara, inazunguka palepale. Kisha sauti ya mwanamke, ya chini mno, karibu iwe ya kiume, inatamka maneno ya kiganga bila kutisha na bila kubembeleza.

"Huyu nani?" nikauliza.

Fundi akageuza simu, akasoma. "Cher, dada."

"Cher yupi?"

"Kwani wako wangapi?"

Nililipa, nikachukua spika yangu, nikapanda gari. Jambo lenyewe lingeishia hapo kama lingekuwa na adabu. Halikuishia. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikiosha vyombo nikaisikia ile besi, nikiwa kwenye foleni ya benki nikaisikia.

Maana Cher ninayemjua mimi, na nadhani wewe pia, ni yule wa wimbo "Believe" wa 1998. Yule aliyekunja sauti yake kwa Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti, akiwa na miaka 52, akatusumbua kwenye kila ukumbi wa harusi na kila daladala yenye redio nzima. Kabla ya hapo tulimjua kwa mawigi na magauni yenye manyoya. Soul, ule muziki wa Wamarekani weusi uliotoka kanisani? Huyu?

## Nyumba kwenye jalada

Wimbo ule unaitwa "I Walk on Guilded Splinters". Umo kwenye albamu iliyotoka 1969, na jina la albamu ni anwani ya nyumba: *3614 Jackson Highway*.

Jalada lake lilinishangaza kuliko muziki. Mwimbaji wa pop wa enzi zile alipewa jalada zima ajaze uso wake. Hapa unaona jengo la mawe, la kawaida kabisa, la aina ambayo chama cha ushirika kingehifadhia mbolea. Mbele yake wamejipanga watu: wapiga vyombo, waitikiaji, maprodyuza watatu, na Sonny Bono, mume wa Cher na mwimbaji mwenzake, naye yumo. Cher amesimama nao, mmoja katika kundi. Jina kubwa ni la nyumba.

Nyumba hiyo iko Sheffield, Alabama, kusini mwa Marekani. Kabla ya kuwa studio ilikuwa duka la majeneza, na ng'ambo ya barabara kuna makaburi. Kwetu jengo la namna hiyo lingekosa hata mpangaji wa kuuza chipsi. Wao wakaweka dramu.

"Wao" ni vijana wanne. Jimmy Johnson gitaa, Roger Hawkins dramu, David Hood besi, Barry Beckett kinanda. Walijulikana kama Swampers. Walikuwa waajiriwa wa Rick Hall kwenye studio ya FAME, mji wa jirani wa Muscle Shoals, na ukisikiliza Wilson Pickett au Etta James wa nusu ya pili ya miaka ya sitini, kuna uwezekano mkubwa unawasikiliza wao. Mwaka 1969 wakajitoa. Jerry Wexler, prodyuza wa kampuni ya rekodi ya Atlantic, akawakopesha fedha, wakafungua studio yao wenyewe.

Albamu ya kwanza kurekodiwa humo ni hii ya Cher. Aprili 1969.

## Mwenyeji alipona

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijawahi kuona mahali methali hiyo ilipotimia kikatili namna hii.

Tazama mwenyeji. Agosti mwaka huohuo R.B. Greaves akarekodi humo "Take a Letter Maria", ikapanda hadi namba 2 kwenye chati ya Marekani. Desemba wakaja Rolling Stones, wakakaa siku tatu, wakaondoka na nyimbo tatu, mbili kati ya hizo zikiwa "Brown Sugar" na "Wild Horses". Kuna hadithi, inayopendwa sana na watembeza watalii, kwamba mpiga gitaa wao Keith Richards alimalizia "Wild Horses" chooni. Baadaye wakafuata Staple Singers, Paul Simon, Bob Seger, Rod Stewart. Jengo likawa dogo, mwaka 1978 studio ikahamia kwingine. Leo lile jengo la mawe limekarabatiwa na ni makumbusho, watu wanalipa kiingilio wakione choo.

Sasa mtazame mgeni. Albamu ya Cher ilifika namba 160.

Namba 160, basi. Baada ya hapo yeye na Sonny wakaenda kuimba kwenye kumbi za usiku, wakiwatumbuiza watu waliokuwa wakila.

Sisemi kwamba Mick Jagger wa Rolling Stones alisikia Cher ndipo akapanda ndege. Ninachosema ni kwamba mtu wa kwanza kujaribu chumba kile, kabla hakijawa na jina, kabla mafundi hawajajua sauti inaruka wapi na inazama wapi, alikuwa mwanamke wa miaka 22 mwenye mtoto ambaye hajatimiza miezi miwili. Na jina la chumba ndilo lililobaki.

Tena mwalikaji mwenyewe hakuwa na nguvu ya kumpokea. Wexler ndiye aliyekuwa na wazo hili lote. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amempeleka Dusty Springfield, mwimbaji wa pop wa Uingereza, kurekodi Memphis, na sasa alitaka kufanya jambo la aina hiyo na Cher. Akaugua homa ya mapafu. Kazi wakaishika Tom Dowd na Arif Mardin. Majina yote matatu yameandikwa, ila chumbani hali ndiyo ilikuwa hiyo.

## "Huyu halii"

Nilimpelekea mjomba.

Mjomba wangu alikuwa kijana wa Ilala mwaka 1969, na kwenye mambo ya soul hapendi mzaha. Nilimkuta barazani na kahawa yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Leo umekuja na kelele gani?"

Sikumpigia ule wimbo wa Kariakoo. Nilimpigia "Do Right Woman, Do Right Man", makusudi, kwa sababu ule ni wimbo wa Aretha Franklin, na kwa mjomba Aretha ni mtu wa kutajwa baada ya kuweka kikombe chini. Alisikiliza mpaka mwisho. Akanyamaza kidogo.

"Anaimba vizuri," akasema. "Ila huyu halii."

"Halii vipi?"

"Soul ni kilio, mwanangu. Aretha analia hata akiwa anacheka. Huyu anakueleza tu."

Nilijaribu kubisha. Nikamwambia anayepiga dramu pale ni Roger Hawkins, na gitaa ni Jimmy Johnson, walewale waliokuwa na Aretha FAME mwezi Januari 1967, siku alipoingia na kutoka na "I Never Loved a Man". Siku ileile walianza na "Do Right Woman", haikuisha, kukatokea ugomvi, Aretha akaondoka, wimbo ukamaliziwa New York. Kwa hiyo Cher anaimba wimbo ule na watu waliokuwepo ulipozaliwa, mwendo mfupi kutoka chumba ulikozaliwa.

"Ndiyo vibaya zaidi," mjomba akasema. "Wamempa kila kitu, na bado halii."

Kisha akaanza kunisimulia mambo ambayo huwa hayasimulii bila kuchokozwa. Mwaka uleule wa 1969, Dar es Salaam ilikuwa katikati ya Operesheni Vijana: sketi fupi, mawigi, suruali za kubana, mikorogo, vyote vilipigwa vita. Ilipofika Novemba, mkuu wa mkoa akatangaza marufuku ya muziki wa soul mjini. Mjomba na wenzake waliendelea kuusikiliza vyumbani, redio ikiwa imefunikwa na khanga.

"Sisi tulikuwa tunaweza kukamatwa kwa James Brown," akasema. "Yeye angekamatwa kwa nini?"

Swali hilo lilinirudisha nyumbani kimyakimya. Kwa siku kadhaa sikuigusa albamu.

## Nani anaruhusiwa

Jibu rahisi lipo, na nililikataa. Jibu rahisi ni kusema muziki hauna mipaka, kila mtu aimbe anachotaka. Mtu anayesema hivyo huwa hajawahi kunyimwa kitu. Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa Memphis, na baada ya hapo zile studio za kusini ambako weusi na weupe walikuwa wakirekodi pamoja hazikuwa tena mahali pepesi. Mwaka mmoja baadaye anaingia nyota wa pop kutoka California kuimba nyimbo za Otis Redding na Aretha. Mtu mweusi wa Alabama angekuwa na haki ya kuguna.

Halafu kuna kichekesho cha wenyeji wenyewe. Swampers wote wanne walikuwa weupe. Paul Simon alipousikia ule wimbo mkubwa wa Staple Singers, "I'll Take You There", alimpigia simu Al Bell wa kampuni ya rekodi ya Stax akitaka apewe walewale wapiga vyombo weusi. Akaambiwa atawapata, ila ni weupe kidogo. Akaenda Alabama akakuta vijana wenye miwani na mashati ya ofisini.

Kwa hiyo pale chumbani mgeni alikuwa anapokewa na watu ambao nao walianza kama wageni. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wamekaa miaka kwenye muziki ule, wakijifunza kupiga kidogo kuliko wanavyoweza. Cher alikuwa na siku chache.

Na hapa ndipo nilipoanza kusikia kitu kingine kwenye maneno ya mjomba. Halii, ni kweli. Rudia albamu yote, hutasikia hata mara moja akijaribu kulia. Hapigi kelele za kanisa ambalo hakulelewa ndani yake. Hapandishi na kushusha neno moja mara saba ili ujue kwamba naye anahisi. Sauti yake ni nzito kwa asili, na anaiacha ikae chini, inyooke, wakati waitikiaji wa nyuma yake wanafanya kile kinachotakiwa kufanywa na watu wanaokijua. Mmoja wao ni Donna Jean Thatcher, ambaye miaka michache baadaye alikuja kuimba na bendi ya rock ya Grateful Dead.

Waimbaji wengi wa pop wa wakati ule, wakipewa bendi kama hii, wangevaa sauti ya kuazima. Yeye aliingia na ya kwake.

Kuna wageni wanaofika kwako na kuanza kupanga upya viti.

Huyu aliketi alipoonyeshwa.

## Wimbo uliotoka nyumbani kwake

Nilirudi kwenye wimbo wa kwa fundi, na hapo ndipo mambo yalipogeuka.

"I Walk on Guilded Splinters" ni wa Dr. John, mtu wa New Orleans, kutoka albamu yake ya 1968 iitwayo *Gris-Gris*. Ni muziki wa uganga wa mji ule: matoazi, moshi, manuizo. Ukiulizwa nani aliye mbali zaidi na dunia hiyo, ungemtaja mke wa Sonny mwenye nywele ndefu.

Isipokuwa *Gris-Gris* ilizaliwa ndani ya kazi ya Sonny na Cher. Mwelekezi wa muziki wao alikuwa Harold Battiste, mtu wa New Orleans, na ndiye aliyeitengeneza albamu ya Dr. John. Dr. John mwenyewe alikuwa akipiga vyombo kwenye rekodi za Sonny na Cher huko Los Angeles ili apate mkate. Na muda wa studio uliotumika kurekodi manuizo yale ulikuwa muda uliobaki kwenye vipindi vilivyolipiwa kwa ajili ya Sonny na Cher.

Soma tena sentensi hiyo. Mimi niliisoma nikaacha kupika.

Wakati Cher anaimba pop ya redioni, kwenye chumba hichohicho, saa zilizobaki, watu waliokuwa wanampigia muziki walikuwa wanatengeneza kitu cha giza na cha ajabu. Kisha, 1969, anakwenda Alabama, na kati ya nyimbo zote za dunia, huo mmoja unaingia kwenye orodha. Hapo hakuwa mgeni hata kidogo. Wimbo huo ulikuwa na undugu naye kuliko wenyeji wake walivyokuwa nao.

Na unasikika hivyo. Kwenye "Dock of the Bay", wimbo wa Otis Redding, anatembea kwa uangalifu, anaogopa kuvunja kitu. Kwenye "Guilded Splinters" hana habari na mtu. Anaacha sehemu za kimya ambazo bendi inazijaza kisha inaziacha tena. Maneno ya kutishana anayatamka kana kwamba anasoma orodha ya vitu vya sokoni, na kwa sababu hiyo yanatisha. Kama mjomba anataka kilio, hapa hatakipata, na hapa hakihitajiki. Mchawi akilia nani atamwogopa?

Ndio wimbo unaofunga upande wa kwanza wa santuri. Waliupanga vizuri.

## Dylan wa mwezi uleule

Nyimbo tatu kati ya kumi na moja ni za Bob Dylan, na zote zinatoka kwenye albamu yake *Nashville Skyline*. Hapo kuna jambo la kuangalia tarehe. *Nashville Skyline* ilitoka tarehe 9 Aprili 1969. Cher alirekodi mwezi uleule. Yaani wino haujakauka, na "Lay Lady Lay" ya Dylan mwenyewe ilikuwa bado haijatolewa kama santuri ndogo, wakati watu hawa walikuwa tayari wameichukua.

Ya Cher inaitwa "Lay Baby Lay". Kwa Dylan, mwanamume anamwita mwanamke aje kitandani, na dunia imezoea hivyo. Cher hakubadilisha sana, ila anayeita sasa ni yeye. Anamwita mwanamume kwa sauti ileile ya chini, isiyo na haya na isiyo na vituko. Mwaka 1969, kutoka kwa mwanamke ambaye watu walimjua kama nusu ya wimbo wa mapenzi ya kitoto, "I Got You Babe", hili halikuwa jambo dogo. Nafikiri hakuna aliyeligundua kwa sababu hakuna aliyelisikia.

"Tonight I'll Be Staying Here with You" ndiyo ninayoipenda kuliko zote tatu. Huko Swampers wanapiga kwa raha ya watu wanaomiliki jengo lao wenyewe kwa mara ya kwanza. "I Threw It All Away" naiona ya kawaida.

Na tukiwa kwenye ukweli: "Dock of the Bay" haikupaswa kuwemo. Otis Redding alikufa kwenye ajali ya ndege tarehe 10 Desemba 1967, wimbo ukatoka mwezi uliofuata, ukashika namba 1. Huwezi kumpelekea mtu wimbo wa msiba baada ya mwaka mmoja na ushee ukategemea akusikie wewe. Msikilizaji anangojea mluzi wa Otis tangu ubeti wa kwanza. Cher hana kosa, ila pia hana nafasi.

"Cry Like a Baby" ya Dan Penn na Spooner Oldham ni nzuri, inachangamsha, inapita. "Save the Children" ya Eddie Hinton, aliyekuwa akipiga gitaa la solo kwenye albamu hiihii, inafunga kazi. Hinton alikuwa na sauti yake kubwa ya soul, akafa 1995 bila kupata sehemu ndogo ya alichostahili. Naye ni wa makala nyingine.

## Kwa nini haikwenda

Nimesoma watu wakisema albamu ilikuwa mbele ya wakati wake. Sikubaliani. Ilikuwa kwenye wakati wake barabara, ila mwimbaji alikuwa amekosana na wakati huo.

Mwaka 1969 vijana wa Marekani walikuwa wameshamwona Sonny Bono kama mzee. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amesimulia filamu ya mashuleni ya kuwaonya wasivute bangi, wakati rika lote lilikuwa linavuta. Hata angekuwa sahihi, nani angemsamehe? Juu ya hapo alikuwa ametia fedha zao kwenye filamu iliyomweka Cher mbele ya kamera, ikatoka Juni 1969, ikaanguka. Serikali nayo ilikuwa inadai kodi. Vijana waliotaka muziki wa kusini hawakuwa tayari kuununua kwa mke wa Sonny, na akina mama waliompenda Cher wa wimbo wa "Bang Bang" hawakuwa na habari na Dr. John. Albamu ikakosa mlango wa kuingilia.

Kuna kitu kimoja kinachonikera zaidi. Hii ilikuwa albamu yake ya peke yake ambayo mume wake hakuitengeneza. Mtu mwingine alikaa kwenye kiti cha prodyuza, akasikiliza sauti ya Cher na kuuliza inaweza nini, badala ya inauza nini. Jibu likaja zuri. Soko likasema hapana. Na soko likisema hapana kwa mwanamke kwenye jaribio lake la uhuru, huwa halimwambii "jaribu tena". Linamwambia rudi nyumbani.

Mwaka 1971 alipata namba 1 na "Gypsys, Tramps & Thieves", na mwaka huohuo akawa nyota wa televisheni akiwa na Sonny. Mengine mnayajua. Barabara ya Alabama hakuirudia.

Je, ningeipenda albamu hii kama ingeuza mamilioni? Nimejiuliza sana. Vitu vilivyosahauliwa vina utamu wa uongo. Unajiona umeokota dhahabu wakati mwingine ni bati lililong'arishwa na huruma yako. Kwa hiyo nilijaribu kuisikiliza bila huruma. Nyimbo nne nimezitupa. Tano ninazisikiliza kila wiki. Mbili sijaamua. Kwa albamu ya 1969 ya mtu yeyote hayo si matokeo mabaya, na *Dusty in Memphis*, ile albamu ya Dusty Springfield ambayo leo kila mwandishi anaivulia kofia, nayo haikuuza ilipotoka. Ilipata watetezi. Hii ilipata makumbusho, ya jengo.

## Ukitaka kuisikiliza

Usianze na wimbo wa kwanza. Anza na "Guilded Splinters", usiku, kwa spika yenye besi ya kueleweka. Kisha "Tonight I'll Be Staying Here with You", kisha "Lay Baby Lay". "Do Right Woman" iache mpaka umeshaizoea sauti, vinginevyo Aretha atakaa katikati yenu. Mwaka 2003 albamu ilitolewa upya ikiwa na nyongeza za rekodi zake za kipindi kilekile, kwa hiyo ukikuta orodha ndefu usishtuke.

Na mkiwa na muda tafuteni "Superstar" yake ya 1970. Ndiyo ileile ya Carpenters, ila yeye aliitoa mwaka mmoja kabla yao. Nayo haikwenda popote.

Hiyo nimempigia mjomba juzi. Ameisikiliza mara mbili. Anasema bado halii, ingawa hapo amekaribia. Tumekubaliana turudie Jumapili, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayeshika simu na Aretha ndiye atakayeanza.